Urani itaondoka Namtumbo, mionzi itabaki

Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchenjua urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, na tangu wakati huo mjadala wa urani nchini umekuwa na kambi mbili zisizosikilizana. Kambi ya kwanza inaamini kwamba kilichomo ardhini kule ni bomu linalosubiri kuguswa, na kwamba vijiji vya jirani vimekwisha hukumiwa. Kambi ya pili inajibu kwamba urani ni madini kama madini mengine, kwamba mionzi yake ni hafifu, na kwamba hofu yote inatokana na kutojua sayansi. Maoni yangu ni kwamba kambi hizi mbili zinakosea mahali pamoja: zote zinaitazama urani. Mionzi mingi iliyomo katika mwamba wa Mkuju haitoki kwenye urani yenyewe, bali inatoka kwenye elementi nyingine ambazo urani imekuwa ikizizaa polepole kwa muda mrefu sana, na elementi hizo hazina mnunuzi. Urani itasafishwa, itafungwa kwenye mapipa na kusafirishwa ng'ambo. Thoriamu, radiamu na poloniamu zitabaki Namtumbo ndani ya topesumu, yaani tope la jiwe lililosagwa linalobaki baada ya urani kuchenjuliwa. Suala zito la mradi huu, kwa hiyo, ni mabaki yake, na ushahidi wa jambo hilo umekuwapo tangu mwaka 1898.

Hoja hii haiwezi kueleweka bila kuelewa kwanza uhusiano wa mionzi na muda. Elementi yenye unururifu ni ile ambayo kiini cha atomu yake hakijatulia. Mapema au baadaye kiini hicho hutupa chembe, hutoa nishati, na mara nyingi hugeuka kuwa kiini cha elementi nyingine. Hakuna ajuaye atomu fulani itavunjika lini, lakini atomu zikiwa nyingi kasi yake haibadiliki, na wanasayansi huieleza kwa nusumaisha, yaani muda unaopita hadi nusu ya atomu zilizokuwapo ziwe zimevunjika. Nusumaisha ya urani-238, ambayo ni zaidi ya asilimia 99 ya urani yote ya asili, ni miaka bilioni 4.5, karibu sawa na umri wa dunia. Wengi wakiisikia idadi hiyo hushtuka, wakidhani kwamba kadiri kitu kinavyodumu ndivyo kinavyounguza zaidi, kumbe mambo ni kinyume. Kitu kinachochukua muda wote huo kupungua nusu kinatoa mionzi yake kwa ubahili mkubwa, kama mwenye ghala lililojaa mahindi anayetoa punje moja kwa siku. Katika gramu moja ya urani-238 huvunjika atomu kama 12,000 kwa sekunde. Katika gramu moja ya radiamu, ambayo nusumaisha yake ni miaka 1,600, huvunjika atomu bilioni 37 katika sekunde hiyo hiyo. Tofauti hiyo, ya karibu mara milioni tatu, ndiyo inayokosekana katika mjadala wetu.

Martin Heinrich Klaproth aliitambua urani mjini Berlin mwaka 1789, na kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeshuku kwamba inatoa mionzi. Viwanda viliitumia kutia rangi vioo na vyombo vya kauri. Mwaka 1896 mjini Paris, Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, akalihifadhi kwenye mtoto wa meza kwa sababu siku hizo jua halikutoka, na alipolisafisha alikuta alama iliyokolea ingawa mwanga haukuwa umeigusa chumvi ile. Miaka miwili baadaye Marie Curie alianza kupima mionzi hiyo kwa kifaa walichokuwa wamekibuni Pierre Curie, mumewe, na kaka yake Pierre, Jacques, kifaa kilichoweza kunasa mkondo dhaifu kabisa wa umeme unaopita katika hewa iliyopigwa na mionzi. Alipima urani ikiwa kavu na ikiwa mbichi, ikiwa unga na ikiwa kimiminika, akaona kwamba nguvu ya mionzi inategemea jambo moja tu: kiasi cha urani kilichopo. Kwa kanuni hiyo, jiwe lenye urani pungufu lingepaswa kuwa na mionzi pungufu kuliko urani tupu. Lakini alipopima jiwe zito jeusi lililochimbwa Joachimsthal, Bohemia, mji ambao sasa unaitwa Jáchymov katika Jamhuri ya Cheki, alikuta mionzi yake ni mara kadhaa ya ile ya urani tupu.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho ninachokiona kuwa hatua yenye akili kuliko zote katika kisa hiki. Alichukua madini mengine ya urani yaitwayo kalkoliti, ambayo nayo yalikuwa na mionzi kuzidi urani tupu, akayatengeneza mwenyewe maabara kutokana na kemikali safi zenye mchanganyiko uleule. Kalkoliti ya kutengenezwa ilikuwa na mionzi ya kawaida, kwa kadiri ya urani iliyomo na si zaidi. Basi ile ya ardhini ilikuwa imebeba kitu kingine, kidogo mno kiasi cha kuwaponyoka wanakemia wote, lakini chenye nguvu kuishinda urani. Julai 1898 Marie na Pierre walitangaza poloniamu, na Desemba mwaka huohuo, pamoja na Gustave Bémont, wakatangaza radiamu.

Sehemu inayofuata ya kisa hiki ndiyo ningependa kila diwani na kila mbunge anayezungumzia Mkuju aisikie. Ili kuipata radiamu ya kuonekana kwa macho, Marie Curie alihitaji jiwe lile kwa tani, na bei yake ilikuwa juu kwa sababu ya urani iliyomo. Akaomba mabaki, yale yaliyokuwa yametupwa baada ya kiwanda cha Joachimsthal kukamua urani yake. Wachimbaji wetu wa dhahabu wa Geita wangeyaita marudio. Serikali ya Austria ilimpa. Magunia yalifika Paris yakiwa na vumbi la kahawia lililochanganyika na majani ya misonobari, kwa maana takataka ile ilikuwa imemwagwa tu msituni. Katika banda lililovuja mvua, akikoroga chungu kinachochemka kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake, alikamua tani za vumbi lile hadi mwaka 1902 alipopata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi safi ya radiamu, iliyong'aa yenyewe gizani. Urani ilikuwa imekwisha kuondolewa katika vumbi lile, ikauzwa na kusahaulika, na mionzi ilikuwa bado imo humo karibu yote.

Hata neno mabaki linahitaji kuangaliwa kwa makini, maana ni soko linaloamua nini kiitwe mali na nini kiitwe taka. Katanga, mgodi wa Shinkolobwe uligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia 1922 kampuni ya Union Minière ilisafirisha jiwe lake hadi Olen, Ubelgiji, kwa ajili ya radiamu, ambayo gramu yake moja iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Urani ya Wakongo ilikuwa kitu cha pembeni. Miaka ishirini baadaye urani ileile ikatakiwa na Marekani kwa ajili ya bomu la atomiki. Leo radiamu haina soko la maana, kwa hiyo imerudi kuwa taka. Tabia yake haikubadilika hata chembe katika safari yote hiyo.

Kwa nini mionzi hubaki? Jibu walilipata Ernest Rutherford na Frederick Soddy mjini Montreal mwanzoni mwa karne ya 20, walipoonyesha kwamba atomu zinazotoa mionzi hugeuka kuwa elementi nyingine. Urani-238 hupita hatua 14 kabla ya kutulia ikiwa metali ya risasi ya kawaida. Katikati ya ukoo huo yumo thoriamu-230 mwenye nusumaisha ya miaka 75,000 hivi, radiamu-226 wa miaka 1,600, gesi ya radoni-222 ya siku 3.8, na poloniamu-210 wa siku 138. Katika mwamba uliokaa mamilioni ya miaka bila kuguswa, kila mmoja wa ukoo huvunjika kwa kasi sawa na ile anayozaliwa nayo, na ndiyo maana kwa kila tani tatu za urani hupatikana radiamu ya gramu moja hivi. Kiwanda cha kuchenjua hutoa urani peke yake, pamoja na wale wachache waliofungamana nayo mwanzoni mwa ukoo. Kuanzia thoriamu-230 kushuka chini, wote hubaki kwenye tope. Hesabu inayokubalika katika taaluma hii ni kwamba takriban asilimia 85 ya mionzi ya mwamba hubaki mgodini. Tena mwamba wa Mkuju una chini ya nusu gramu ya urani kwa kila kilo moja ya jiwe, maana yake kila tani itakayosagwa itaacha zaidi ya kilo 999 za tope lenye sehemu hiyo kubwa ya mionzi.

Tukiwa na elimu hiyo tunaweza kuzipima hoja za kila kambi kwa haki. Shemeji yangu anayeishi Songea alinipigia simu mwaka jana kuniuliza kama lori lililobeba urani likipinduka barabarani mji utalipuka. Nilimwambia hapana, na ni hapana bila shaka yoyote. Urani inayoweza kuendeleza mlipuko ni ile ya namba 235, nayo ni asilimia 0.7 tu ya urani ya asili. Kuirutubisha hadi kufikia kiwango cha silaha kunahitaji viwanda ambavyo hata mataifa tajiri huvijenga kwa taabu. Mionzi mikuu ya urani yenyewe ni chembe za alfa, ambazo huzuiwa na karatasi moja au na ngozi ya nje ya mwili. Unga wa oksidi ya urani ukimezwa au ukivutwa hudhuru, na figo ndizo zinazoumia kwanza kwa sababu ya kemia yake, kama ilivyo kwa metali nyingine nzito. Kwa hiyo kambi ya hofu inakosea kuhusu mapipa. Lakini shemeji aliuliza swali la pili kabla hajakata simu: na lile jiwe lililosagwa, wakishamaliza nalo wanalipeleka wapi? Hilo ndilo swali.

Kambi ya pili ina hoja yenye uzito inapokumbusha kwamba binadamu amezungukwa na mionzi ya asili siku zote. Wastani wa dunia ni milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 2.4 kwa mtu kwa mwaka, kutoka angani, ardhini, hewani na kwenye chakula, na Kilima cha Mrima huko Kwale, Kenya, kina mionzi kuzidi sana maeneo mengi kwa sababu ya thoriamu yake ya asili. Haya yote ni kweli. Hoja inapoteza mguu inapotoka hapo na kusema kwamba, kwa kuwa urani ya Namtumbo imekuwapo ardhini siku zote, kuichimba hakubadilishi kitu. Fikiria radoni. Ni gesi, haishikamani na kitu, lakini ina siku 3.8 tu za nusumaisha. Ikizaliwa ndani ya mwamba mzima, nyingi hunaswa humohumo na kuvunjika kabla haijaiona hewa. Uvunje mwamba kwa karasha, usage uwe mchanga, uutandaze juani, na gesi ileile sasa ina njia fupi ya kutoka. Ikivutwa, watoto wake, wakiwamo wa ukoo wa poloniamu, hunata kwenye mapafu na kutupa chembe za alfa pale ambapo hakuna ngozi ya kuzizuia. Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, walikufa kwa saratani ya mapafu vizazi na vizazi, na madaktari waliitambua kuwa saratani mwaka 1879, kabla hata mionzi haijagunduliwa. Radiamu nayo ni ndugu wa kalsiamu kikemia. Ikiingia kwenye maji ya kunywa, mwili huihifadhi kwenye mifupa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika mara kwa mara kwamba kuchimba urani ni kuisafisha ardhi, eti ukishaiondoa sumu, kinachobaki ni salama kuliko kilivyokuwa. Hoja hii inasikika vizuri masikioni na ni ya uongo katika kila hatua yake. Kinachoondolewa ni mzazi mwenye mionzi dhaifu, na wanaobaki ni watoto wenye mionzi mikali. Nao hawabaki kama walivyokuwa, wamefungwa ndani ya jiwe, mita nyingi chini ya udongo. Wanabaki katika mchanga laini uliooshwa kwa kemikali, unaopeperuka wakati wa kiangazi na kusombwa wakati wa masika. Wala haisaidii kungoja radiamu iishe, kwa sababu thoriamu-230 iliyobaki nayo itaendelea kuizaa upya. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11, bado haujafikisha nusumaisha moja ya radiamu, sembuse miaka 75,000 ya mama yake.

Kambi ya pili pia hupenda kututolea mfano wa Namibia, ambako mgodi wa Rössing umefanya kazi tangu mwaka 1976. Ni mfano halali, na unaonyesha kwamba nchi ya Kiafrika inaweza kuchimba urani kwa muda mrefu na kupata mapato. Lakini Rössing upo katika jangwa la Namib, mahali ambapo mvua ni tukio. Namtumbo hupata mvua kubwa kwa miezi kadhaa mfululizo, maji yake ni ya bonde la Rufiji, na eneo lenyewe la mradi lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous hadi mipaka ilipobadilishwa mwaka 2012. Mfano unaofaa zaidi kwetu ni ule wa Church Rock, New Mexico, ambako Julai 1979 ukuta wa bwawa la topesumu ulipasuka na kumwaga zaidi ya tani 1,000 za tope na zaidi ya lita milioni 300 za maji yenye sumu katika Mto Puerco, ambao wafugaji wa Kinavaho walinyweshea mifugo yao. Na upo mfano wa kimya zaidi, ninaouogopa kuliko bwawa kupasuka. Katika mji wa Grand Junction, Colorado, mabaki ya kinu cha urani yalikuwa mchanga mzuri, mkavu, usio na gharama, na kwa miaka mingi watu waliuchukua kujazia misingi ya nyumba zao. Maelfu ya majengo yalilazimika kuchimbuliwa baadaye. Anayejua bei ya lori moja la mchanga wa kujengea vijijini kwetu hatahitaji maelezo zaidi.

Zaidi ya hapo, bei ya urani hupanda na kushuka, na kampuni huifuata. Baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011 bei ilianguka. Mgodi wa Kayelekera karibu na Karonga, Malawi, ulioanza mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014, na mradi wa Mkuju wenyewe, uliokuwa umepata leseni mwaka 2013, ukawekwa kando kwa miaka mingi. Silaumu kampuni kwa kufuata soko, ndiyo kazi yake. Ninachosema ni kwamba bwawa la topesumu linahitaji kutunzwa, kupimwa na kufunikwa hata katika miaka ambayo hakuna anayenunua urani, na fedha ya kazi hiyo haiwezi kutegemea mauzo. Ujerumani ilirithi migodi ya urani ya Wismut, iliyokuwa Ujerumani Mashariki, baada ya kuungana mwaka 1990, na hazina ya umma imetumia mabilioni ya euro kusafisha. Hiyo ni Ujerumani. Dhamana ya ufungaji wa mgodi inapaswa kuwekwa taslimu kabla ya tani ya kwanza kusagwa, ikokotolewe kwa wingi wa tope na umri wa radiamu, na kiasi chake kitangazwe hadharani.

Njia ya uchimbaji nayo inapaswa kuwekwa wazi, kwa sababu hatari hubadilika pamoja nayo. Iwapo mwamba utachimbwa na kusagwa, tatizo ni tope na vumbi. Iwapo sehemu yake itayeyushwa ikiwa hukohuko chini, kwa kupampu kimiminika kupitia visima kama ifanyavyo Kazakhstan, radiamu nyingi hubaki chini ya ardhi na tope huwa dogo, ila hatari huhamia kwenye maji ya visima. Kwa vyovyote vile, kipimo cha leo ndicho kitakachokuwa shahidi wa kesho. Kabla kiwanda kikubwa hakijajengwa, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania inapaswa kupima radoni ndani ya nyumba za vijiji vya jirani, na radiamu na urani katika kila kisima, kila chemchemi na kila mkondo, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kwa sababu bila kipimo cha awali hakuna mwanakijiji atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba maji yake yamebadilika, wala hakuna kampuni itakayoweza kuthibitisha kwamba hayajabadilika. Na matokeo yasifungiwe kwenye ripoti ya Kiingereza mjini Dodoma. Yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, kisima kwa kisima, kwa jina ambalo wenyeji wanakiita kisima hicho.